Mashine Iliyokuwa Ikiniogopa

Juzi kijana mmoja wa hapa Kibiti alinijia na mfuko wa rambo umejaa drayva zilizokufa, vile vifaa vya kusukumia umeme kwenye mota. Jina lake nalificha, maana mama yake ni jirani yangu na Ramadhani tunapelekeana futari. Kijana huyo ana mashine ya kompyuta ya kuchongea vitanda, na siku hiyo alikuwa amefura. "Mzee Waya," akaniambia, "hizi drayva za siku hizi feki tupu. Naweka mpya asubuhi, jioni ishakwenda."

Nikamwuliza kama amepima nyaya za mota. Akatazama pembeni, akasema nyaya ni nzima, anaziona kwa macho.

Basi tukaenda kwake. Kwa nje waya ulikuwa mzima kweli, unang'aa, lakini pale unapojikunja mashine ikienda na kurudi, shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Mashine ikiwa upande huu ncha zinagusana, ikifika upande ule zinaachana. Na waya wa mota ukikatika wakati umeme unapita, pigo lote hurudi kwenye drayva. Ndiyo maana huwa nawakataza msichomoe plagi ya mota mashine ikiwa imewashwa. Yule bwana alikuwa akizika drayva zisizo na hatia moja baada ya nyingine, na muuaji yupo palepale amevaa koti jekundu la plastiki.

Nilimcheka, naye akanuna. Nilipofika nyumbani nikaona si haki kumcheka mtu kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Mimi macho hayaoni tena miguu ya chipu, na mkono ukishika kifaa cha kulehemu unaunguza kisichohusika. Kazi nimeiacha. Lakini maneno ninayo, na nyinyi wanangu mna haraka sana ya kununua. Hebu kaeni niwaambie habari za mashine iliyokuwa ikiniogopa.

Kwanza tuelewane juu ya mota yenyewe, kwa yule ambaye hajaishika. Mota ya feni ukiipa umeme inakimbia tu, haijui iendako. Hii ya mashine ya kuchonga huenda hatua kwa hatua. Kompyuta husema "piga hatua", drayva husikia kale kasauti kadogo ka kompyuta, kisha yenyewe husukuma umeme wenye nguvu kwenye koili za mota, na mota hupiga hatua moja, halafu nyingine. Kwa jinsi hiyo kisu cha mashine huenda mahali palepale kilipoambiwa. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake ni huu: kompyuta haigeuki nyuma kutazama. Mota ikikosa hatua moja, hakuna anayerudisha habari. Kompyuta huendelea kutoa amri ikidhani imetiiwa, na kila kitakachochongwa baada ya hapo kitakuwa kimesogea. Hapo fundi anasema mashine imepoteza hatua, na mwenye mashine anasema ina shetani.

Mie nilianza na redio. Enzi za ruksa, mipaka ilipolegea na kila lori likawa linashusha kitu cha ajabu, nilikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara. Zikaja kaseti, zikaja televisheni, baadaye kompyuta za mitumba zenye vioo vizito kama jiwe la kusagia, na printa zilizokuwa zikipiga kelele hata ukiandika jina lako tu. Kila kilichoharibika kililetwa kwangu, iwe nakijua au sikijui. Sikuwahi kumwambia mteja kwamba sikijui. Nilikuwa nasema, "Kiache kwanza, tuone waya." Jina la Mzee Waya nilipewa nikiwa bado kijana, na nilikasirika nalo mpaka nikazoea.

Lakini kabla ya redio nilikuwa mwanafunzi wa Mzee Salumu, fundi wa injini za boti, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Mara moja tuliitwa Salale na mwenye boti ambaye injini yake ilikuwa inazima katikati ya mto. Haikuwa inazima kila siku, ila siku anazompeleka mama mkwe wake. Watu wakaanza kumtazama yule mama kwa jicho la pembeni, na mambo kama hayo vijijini hayaishii vizuri. Mzee Salumu akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, tukazunguka na boti, injini ikalia vizuri. Tukaondoka. Baada ya siku chache tukaitwa tena.

Safari hiyo Mzee Salumu hakufungua hata kisanduku cha spana. Akasema, "Mie nataka kusafiri na mama." Mama akaja, mtu mzima mwenye mwili wake, akapanda, akakaa pale anapokaa siku zote. Na pale palikuwa juu ya mpira wa petroli, ameubana. Mkwewe alikuwa hajaona kwa sababu mkwe hakodolewi macho, na kama angeona, angemwambia nini? "Mama, inuka"? Heri boti izame. Mzee Salumu naye hakumwambia mama ainuke. Walipofika ng'ambo, mama alipokwisha shuka, mzee aliuchukua ule mpira akaupitisha ubavuni mwa boti, akaufunga kwa kamba. Hakumhamisha mama, alihamisha mpira.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Weye siku zote tazama mashine inaishi vipi siku ambayo hupo." Nikaitikia "naam" kama mnavyoniitikia nyinyi, halafu nikasahau.

Sasa nije kwa Fundi Kassimu.

Kassimu alikuwa mchonga milango, mzaliwa wa Mbuchi huko deltani, lakini karakana yake ilikuwa hapa, barazani kwake, njia ya kwendea Mchukwi. Milango yake mingine ipo mpaka leo, ukipita unaijua kwa maua yake. Tulikuwa wa rika moja na tulitaniana sana. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisema ni baridi, na hapa kwetu baridi iko wapi? Baadaye akawa anashika kikombe kwa mikono miwili. Hospitali walimwambia ni ugonjwa wa mishipa, wa kuishi nao. Patasi akaitundika ukutani. Mimi niliona, na niliumia, lakini sikusema kitu kwa sababu naye alikuwa hasemi.

Mpwa wake Shabani, aliyekuwa amesomea umeme Dar es Salaam, ndiye aliyekuja na wazo. Akakusanya printa na mashine za fotokopi zilizokufa, akatoa mota zake, akaunda meza ya mbao na vyuma yenye kisu kinachokwenda kila upande. Drayva aliziunda mwenyewe, chipu zimefungwa kwenye vipande vya bati la kupozea, zote ndani ya sanduku la chuma lenye feni ndogo juu. Feni ile ilikuwa inavuta hewa kupitia matundu ya mfuniko. Kompyuta ya mitumba pembeni, jenereta ya petroli uani. Kassimu alichora ua kwenye kompyuta kwa mkono wa kushoto, taratibu, siku nzima, na mashine ikalichonga. Siku hiyo nilimwona analia waziwazi. Akasema, "Nimepewa mkono mwingine."

Shabani akapata kazi Mwanza, akaondoka. Ikawa mimi ndiye daktari wa ile mashine.

Mwaka uliofuata wazee wa Mbuchi wakamletea Kassimu mbao za mkongo. Zilitoka katika mti mmoja ulioanguka kwenye shamba la mwalimu aliyemfundisha Kassimu kusoma Kurani, mwalimu mwenyewe akiwa ameshakufa. Wakataka ubao wa kuwekwa juu ya mlango wa madrasa, umeandikwa kwa Kiarabu ile dua ya mwanafunzi ya kuomba kuongezewa elimu. Mti ule haukuwa na mbao nyingi nzuri, sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na mchwa. Walizoweza kuleta ni tatu tu.

Mashine ikachonga maandishi vizuri, herufi zimekaa, unazisoma bila kukosea. Ilipofika kwenye nukta ikaharibu. Mpango aliouacha Shabani kwenye kompyuta ulikuwa kuchonga miili ya herufi kwanza, kisha nukta zote mwishoni. Nanyi mliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani mnajua nukta ni nini. Zai ikikosa nukta yake ni ra. Nukta ya nuni ikihamia jirani, neno limekufa, na kama halikufa limekuwa jingine ambalo hukukusudia kumwambia Mungu. Kwenye ule ubao nukta zote zilikuwa zimeteleza upande mmoja, moja imekwenda kukaa mahali ambapo hapana herufi kabisa.

Nikaitwa. Nikaja na baiskeli yangu, kengele inalia tangu kwenye kona. Bi Zuhura, mke wa Kassimu, akanikaribisha kama kawaida yake, kiti kimefutwa, maji ya kunywa tayari. Nikaanza na nyaya. Nikazipima zote huku nazikunja, nzima. Nikaikaza mikanda. Nikapima umeme mashine ikiwa inafanya kazi, maana umeme unaweza kuonekana mzuri mashine ikiwa imesimama na ukaanguka ikishikwa na mzigo. Ulikuwa mzuri. Tukaweka ubao wa boksi la sabuni, tukachonga dua nzima kwa majaribio, na nukta zikakaa pale pale zinapotakiwa. Nikakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea ili nisiondoke bila kufanya kitu, nikarudi nyumbani.

Kassimu akaweka ubao wa pili wa mkongo. Nukta zikaenda tena.

Hapo nikafanya jambo ambalo nawausia mlifanye mapema kuliko nilivyolifanya mimi. Zima mashine, chukua plagi ya mota inayosumbua uichomeke kwenye drayva ya mota nzima, na ya mota nzima uichomeke kwenye ile inayosumbua. Washa. Ugonjwa ukihama na drayva, mgonjwa ni drayva. Ukibaki na mota, tafuta kwenye mota, waya wake, au vyuma vyake. Ni kipimo cha bure na hakihitaji mita. Nikabadilisha, nikachonga, na mashine ikaenda bila kosa lolote. Nikarudisha zilivyokuwa, bado haikukosea. Ugonjwa ambao haupo utauhamishia wapi?

Majirani wakaanza kusema mashine inamwogopa Mzee Waya. Nikija inatulia, nikiondoka inaanza vituko, kama watoto na mwalimu wao. Mmoja akashauri ifukiziwe ubani. Bi Zuhura akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga, akasema, "Shemeji, basi hamia kwetu, nitakutandikia hapo barazani." Tulicheka wote isipokuwa Kassimu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake wa kulia ameukalia ili usionekane.

"Mie ndiye niliyeiambukiza," akasema.

"Umeiambukiza nini?"

"Kutetemeka. Naisikia, Waya. Nikiwa peke yangu nayo, inatetemeka kabla ya kupotea. Kama huu." Akautoa mkono akatuonyesha. "Ubao umebaki mmoja. Keshokutwa naurudisha Mbuchi, wautafutie fundi mzima. Na hii mashine Shabani aje aichukue."

Bi Zuhura akaacha kucheka. Mimi nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya mashine. Nilimwambia kwa ukali kwamba mota haziambukizwi maradhi ya binadamu na asinichoshe. Nilijua akiirudisha ile mbao hatachonga tena, na Kassimu asiyechonga sikuwa nimewahi kumwona wala sikutaka kumwona.

Nikaenda kumpigia Shabani. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika, lakini kwetu mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya duka la Mpemba mmoja, na simu ilikuwa yake. Nikapanda kichuguu, watu wakinitazama. Nikamweleza Shabani yote. Akasema, "Mzee wangu, hizo chipu zina ulinzi ndani. Joto likizidi zinajizima zenyewe, zikipoa kidogo zinarudi. Hazikuambii. Mota itatetemeka, itakosa hatua, halafu itaendelea kama hakuna kitu. Umegusa bati la kupozea mashine ikiwa kazini?"

Nilikuwa nimeligusa. Lilikuwa vuguvugu, mtoto angelishika.

"Basi mzee wangu, sijui," akasema Shabani. Nilimpenda kwa neno hilo. Kuna mafundi wangenitungia sababu pale pale ili mradi nishuke kichuguuni nimeridhika.

Nikashuka, na wakati natembea ndipo Mzee Salumu aliponirudia, na kikohozi chake. Tazama mashine inaishi vipi siku ambayo hupo. Ati nilikuwa nimepima kila kitu kwenye ile mashine, lakini nilikuwa nimekipima mimi nikiwa nimesimama pale. Sikuwa nimewahi kuiona ikifanya kazi bila mimi.

Asubuhi nikamtumia Kassimu salamu kwamba siji, nina kazi Ikwiriri, ila naomba achonge dua yote kwenye ubao wowote wa ovyo, mwanzo mpaka mwisho, kama vile anachonga ile ya mkongo, aniambie matokeo. Halafu nikaiacha baiskeli kwa Mpemba. Kisanduku cha vifaa sikubeba. Nikatembea kwa miguu mpaka kwa Kassimu, na nilipofika sikubisha hodi mpaka nikawa nimeshaingia barazani, jambo ambalo si adabu na marehemu mama yangu asingelipenda.

Mashine ilikuwa inachonga. Na sanduku la drayva lilikuwa limevaa.

Nasema limevaa kwa sababu sioni neno jingine. Lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kizito, chenye maua ya waridi kila pembe na ncha zinazoning'inia mpaka mezani. Mnavijua vitambaa hivyo. Mama zenu wanavifunika redio, televisheni, makochi, hata mtungi wa maji. Kitu cha thamani hakikai uchi katika nyumba ya mtu mwenye adabu. Kile cha Bi Zuhura kilikuwa kimefumwa nyuzi zimeshikana sana, kazi ya miezi, na kilikuwa kimeziba feni na matundu yake yote. Na kila nilipokuwa nakuja, alipoisikia kengele ya baiskeli yangu, alikuwa anakikimbilia na kukitoa akakifiche ndani, maana barazani pana vumbi la mbao, na ingekuwa aibu fundi mgeni akikuta kitambaa kichafu. Mimi nikifika, sanduku linapumua. Nikiondoka, kitambaa kimefuliwa, kimerudishwa.

Nikasogea. Mota ilikuwa inatoa mlio wa kusitasita. Nikaingiza vidole chini ya kitambaa, nikagusa bati la kupozea, nikautoa mkono upesi na kunyonya vidole.

Kassimu hakuwa ameniona, alikuwa ameinama juu ya ubao akisubiri nukta. Aliyeniona ni Bi Zuhura, mlangoni, ameshika ungo. Alitazama vidole vyangu, akatazama kitambaa. Huyu mama hakuwa mjinga hata kidogo.

"Shemeji," akasema polepole, "ni mie?"

"Ni joto," nikamjibu.

"Ni mie."

"Ni joto, shemeji. Hewa haipiti."

Akaweka ungo chini. Akaja, akakitoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakishikilia kifuani. Kassimu akainua kichwa, akatukuta tumesimama kama tuliofumaniwa. Ilibidi nimweleze. Nilieleza haraka haraka habari za chipu na ulinzi wake, na jinsi zinavyokuwa zimechemka kufikia zamu ya nukta, nikitaja joto mara nyingi na kitambaa mara chache. Lakini hata hivyo alielewa, na akamgeukia mkewe.

"Zuhura, sanduku la chuma nalo la kufunika?"

"Si ulisema mwenyewe," akajibu mkewe, na sauti ilikuwa inamkatika. "Si ulisema ndio mkono wako? Mkono wa mume wangu nisiufunike? Ukae na vumbi?"

Mimi nilitazama miguu yangu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na nimewahi kukuta panya kwenye redio, chumvi kwenye betri, mchwa kwenye swichi. Sijawahi kukuta mashine iliyokuwa inakufa kwa kupendwa, na nilipoikuta sikujua pa kutazama.

Kesho yake nilirudi na baiskeli na vifaa. Wengine wangemwambia tu mama asifunike tena, na angekubali, na kile kitambaa angekitupa ndani ya sanduku la nguo na asingekitoa tena. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa Mzee Salumu. Niliing'oa feni juu ya sanduku, nikatoboa ubavuni, nikaifunga pale. Upande wa pili nikatoboa matundu ya kutolea hewa. Mfuniko nikauziba. Kisha nikamwomba Bi Zuhura akifupishe kitambaa, kiishie juu, kisiteremke ubavuni. Alikifumua ncha zake palepale huku akinung'unika kwamba mafundi hawajui kitu kizuri. Tukakiweka, tukachonga dua nzima kwenye mbao za boksi, tena na tena, mpaka jenereta ikaomba petroli. Kila nilipogusa bati lilikuwa vuguvugu, na hakuna nukta iliyosogea.

Basi ikawekwa ile mbao ya mwisho ya mkongo. Ilikuwa baada ya Alasiri. Kisu kikapita, unga mwekundu wa mbao ukamwagika, herufi zikatokea moja baada ya moja. Zikaanza nukta, na ya kwanza ikakaa. Nikamwona Kassimu anahesabu kwa midomo. Zikakaa zote, ikabaki moja tu, ya zai, na mashine ilikuwa inasogea kuifuata. Kassimu akanyoosha mkono wa kushoto akaizima.

Nilidhani ameona kosa. Nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Akaenda ukutani akaitungua patasi yake.

Wanangu, nilimpigia kelele. Nilimwambia huo ni ubao wa mwisho, hakuna mti mwingine, kisu kimebakiza nukta moja na mashine ni nzima, nimehakikisha mimi. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa. Akasubiri nimalize, kisha akasema kwa utulivu, "Mwalimu aliyenifundisha hiyo zai alinishika mkono. Sikufundishwa na jenereta."

Akaikita patasi mahali pa nukta ya zai. Mkono ukaanza. Ncha ya patasi ikawa inagongagonga juu ya mbao kama jino la mtu mwenye homa, na kila akikaza ndivyo unavyozidi. Jasho likamtoka. Mimi nikageuza uso kwa sababu sikuweza kutazama.

Ndipo Bi Zuhura akapita mbele yangu. Alikwenda akasimama nyuma ya mumewe, akauweka mkono wake juu ya mkono wake, wote, mpaka vidole vya Kassimu havikuonekana. Patasi ikatulia.

"Shemeji," akaniambia bila kugeuka, "na huu nikiufunika utazima?"

Wakaisukuma patasi pamoja, taratibu, unyuzi mdogo wa mbao ukajikunja ukaanguka.

Kassimu ametangulia mbele ya haki sasa, na mashine ile Shabani aliichukua vipande vipande. Ubao uko Mbuchi juu ya mlango wa madrasa, na huko deltani chumvi haimwachi mtu, najua siku moja mmoja wenu ataitwa akautengeneze. Ukwangueni, upigeni vanishi, mkitaka usomeni herufi kwa herufi. Mtaona nukta zote ni duara sawasawa isipokuwa ya zai, imelala upande kidogo. Hiyo msiipitishie msasa.